Mwaka Niliochora Nyumba za Mtaa Mzima

Kwenye msiba wa Baba Tumaini, kule Itaka, alisimama mwanamume mmoja mwenye koti la mistari akasema marehemu ndiye aliyeuwashia umeme mji wa Tunduma. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu kwenye turubai, mkononi sahani ya ugali na nyama ambayo mafuta yake yalishaanza kuganda, na tonge lililokuwa mdomoni likakataa kushuka. Sikulia. Walionitazama walidhani ni ugumu wa moyo, au hasira ya mwanamke aliyeachwa, maana pale kila mtu alijua kwamba mume wangu alivuka kwenda Zambia zaidi ya miaka thelathini iliyopita na hakurudi mpaka aliporudishwa ndani ya sanduku. Haikuwa hasira. Hasira iliniisha zamani. Kilichobaki ni kinyaa. Nililitema lile tonge kwenye kiganja, nikalifunika kwa khanga, nikaenda kumpa mbwa nyuma ya jiko.

Huko nyuma akanifuata mjukuu wangu Neema, mtoto wa Tumaini. Huyu ndiye fahari yangu na sioni haya kusema hivyo: amesomea umeme chuoni, ana leseni yenye picha yake, na wanaume wenye ndevu wanamwita fundi bila kucheka. Akaniuliza, "Bibi, hivi babu alikuwa na leseni ya daraja gani?" Nikamwambia, "Babu yako alikuwa na koleo na bisibisi." Akacheka, akadhani namtania kwa sababu ya msiba. Nikamwacha acheke. Lakini usiku na mchana tangu siku ile naona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimevaa koti lilelile la mistari. Kwa hiyo nausema mwaka ule, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, tena si pembeni.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Tulikuwa na vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, upande wa juu wa barabara ambako malori yalikuwa yakipanga foleni ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa na vumbi la malori na harufu ya dizeli, hata chumvi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, makochi mawili ya mbao na dirisha lenye kioo kimoja kikubwa kisicho na ufa. Kile kioo nitakitaja tena, maana ndicho kilichokuwa ofisi yangu. Mwaka ule nguzo za umeme zilifika mtaani kwetu. Kabla ya hapo tulikuwa tunaziona zimepita barabarani kama watu wenye haraka, zinakwenda forodhani na kwenye nyumba za wakubwa. Zilipokata kona kuja kwetu, mtaa mzima ulipata wazimu. Watu ambao hawakuwa na mlango wa choo walikuwa wanazungumzia friji.

Baba Tumaini alikuwa fundi umeme, na niseme ukweli, mikono yake ilikuwa inajua. Alijifunzia Zambia, akimshikia nyaya fundi wa migodini, na alirudi na maneno ya kule, kila akiingia kwa mtu anasema "mukwai", neno lao la heshima, kama amezaliwa Kitwe. Lakini leseni hakuwa nayo, na bila leseni ya mkandarasi ofisi ya umeme haikupokei. Alinifundisha mambo hayo wakati wa kula, akiwa ameweka miguu juu ya kochi. "Mama Tumaini, sikiliza. Mtu akitaka kuingiza umeme, anachukua fomu. Fomu inatakiwa iwe na mchoro wa nyumba, na saini, na muhuri wa mkandarasi. Halafu mkaguzi anakuja kuangalia kama kazi imefanyika sawa. Akiridhika, ndiyo wanaleta mita." Nikamuuliza muhuri tutautoa wapi. Akanyofoa paja la kuku. "Muhuri upo Vwawa," akasema. "Muhuri ni kitu cha kufuata tu, kama chumvi dukani."

Muhuri ulikuwa wa mtu tuliyemwita Mhandisi. Alikuwa na leseni halali, kweli kabisa, imewekwa kwenye fremu ukutani, na chini yake sebule yenye vitambaa vya kufuma kila mahali, juu ya redio, juu ya kochi, juu ya kabati, kana kwamba kila kitu kwake kilikuwa na kitu cha kuficha. Mimi ndiye nilikuwa natumwa, kwa sababu Baba Tumaini alisema mwanamke akionekana na bahasha na kuku hakuna anayemuuliza. Mara ya kwanza nilimkuta Mhandisi anakata kucha za miguu juu ya gazeti. Hakuinuka. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikaweka kuku chini na fomu mezani. Vipande vya kucha vikarukia zile fomu, akavipuliza, akachukua muhuri, akagonga. Moja, nyingine, nyingine. Hakusoma jina hata la mtu mmoja. Nilipomuuliza, "Mzee, hutakuja kuziona nyumba?" alinitazama kama nimemwomba aje anifulie nguo. "Nyumba zina nini cha kuona?" akasema. "Matofali si mnayo?" Kisha akanipa karatasi moja ambayo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini. Ilikuwa mchoro wa nyumba ya ndugu yake. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, veranda na gereji ya gari, na ndani yake mistari ya nyaya, vialama vya taa na vya soketi. "Mwambie mumeo anakili huu," akasema. "Sina muda wa kuchora vibanda."

Baba Tumaini hakuwa na subira ya kalamu. Akanitupia mimi. Sikuwa na shule ya maana, niliacha darasa la nne, lakini mkono wangu ulikuwa umetulia kwa sababu nilikuwa nafuma. Nikagundua kwamba nikiubandika ule mchoro kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa upande wa pili, na karatasi nyeupe juu yake, mistari yote inaonekana na mimi nafuata tu. Nilikuwa nafanya asubuhi, nikishamaliza kufagia, huku maharage yako jikoni. Nitasema na hili, maana nimeahidi kusema: nilipenda. Nilijisikia mtu. Wanawake wakipita dirishani waliniona nimesimama na rula, penseli iko sikioni, wakaniita "mama mchoraji", na mimi sikuwakatalia. Nilichora nyumba za mtaa mzima, na zote zilikuwa nyumba moja. Baa ya pale kona ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala. Banda la kunyolea lilikuwa na veranda. Bibi mmoja mjane, mwenye chumba kimoja anacholala na kuku wake, kwenye karatasi zangu alikuwa na gereji ya gari.

Kulikuwa na alama moja kwenye ule mchoro ambayo sikuielewa. Pembeni mwa nyumba mstari ulishuka chini, na mwisho wake kulikuwa na vistari vitatu, cha juu kirefu, cha kati kifupi, cha chini kifupi zaidi, kama reki iliyovunjika meno. Nilidhani ni mkandarasi alikuwa anajaribu kalamu. Michoro miwili ya kwanza niliinakili, halafu nikaona inanichelewesha, nikaiacha. Hakuna aliyeniuliza. Mume wangu hakuuliza, Mhandisi hakuuliza, na mkaguzi ndiyo kabisa.

Mkaguzi wa wakati ule, maskini, sijui kama alikuwa na macho. Alikuwa bwana mnene mwenye mwavuli, jua au mvua. Akija mtaani kwetu alifikia kwangu, kwa sababu Baba Tumaini alishamzoesha. Nampikia wali wa Kamsamba na kuku wa kukaanga, anakula mpaka jasho linadondokea kwenye sahani, halafu anafuta vidole kwenye upande wa chini wa kochi langu, anadhani sioni. Mafaili anayaweka magotini. "Hii nyumba ya huyu Mwampashi iko wapi?" anauliza. Mume wangu ananyoosha mkono dirishani. "Ile pale, mukwai, yenye bati jekundu." Mkaguzi anageuza shingo. "Naiona," anasema, na anasaini. Siku moja alikagua nyumba saba bila kuinuka, na ya nane aliikagua akiwa anachokonoa meno. Mimi nilikuwa naondoa sahani. Nilicheka pamoja nao. Leo nikikumbuka kicheko changu natamani kujisafisha masikio.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Mama Zuhura. Yeye na mume wake walitoka Kondoa, wakiuza vitenge na mashuka kwa Wazambia, watu wa swala na maneno ya taratibu. Mume alikuwa njiani siku zote na mzigo. Mama Zuhura alikuwa rafiki yangu wa kweli. Tulikuwa tunaazimana kila kitu, hata mwiko. Yeye alikuwa wa kwanza mtaani kununua friji, akawa anauza maji ya baridi na barafu. Jiko lake na bafu lake vilikuwa vya bati, vimeegemea ukuta wa nyumba, na Baba Tumaini alivuta waya mpaka huko ili apate taa. Mwaka ule alikuwa mjamzito, mtoto wa tatu, na mimba ilimkaa kwa mbele kama mtu aliyebeba ndoo.

Mvua zilipoanza, Mama Zuhura akaja kwangu anajisugua kiwiko. "Jirani, bati langu linauma," akasema.

"Linauma namna gani?"

"Linauma kama siafu. Nikiligusa nimelowa, mkono unakufa mpaka begani. Na friji nayo. Zuhura jana ameigusa akarudi nyuma kama amepigwa kibao."

Nikamwambia mume wangu wakati wa chakula. Ilikuwa kande, nakumbuka, na alikuwa anachagua maharage anaacha mahindi. Hakuinua macho. "Mwambie avae ndala," akasema.

"Ndala?"

"Ndala. Mpira haupitishi. Akivaa ndala hataumwa."

Na mimi nikaenda kumwambia avae ndala. Nilikwenda kwa mwanamke mjamzito, rafiki yangu, nikamwambia avae ndala, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, mke wa fundi, mama mchoraji. Akavaa. Baada ya wiki chache nusu ya mtaa ilikuwa na ndala mlangoni pa jiko. Watu walifungua friji kwa kitambaa. Walifundishana, mgeni akija anaambiwa, "Usiguse hapo, vaa hizi kwanza," na anacheka, na wao wanacheka, kana kwamba ni mila iliyoletwa na umeme wenyewe. Siku moja nilimsikia mtu wa baa anajisifu kwamba umeme wa kwake una nguvu kuliko wa jirani kwa sababu wa kwake unauma hata mchana.

Yule mkaguzi mwenye mwavuli akahamishwa. Tukasikia ameletwa mwingine, na siku ya Alhamisi akaja, na alikuwa msichana. Umri wake haukufika wangu. Alivaa suruali na buti, kichwani mtandio, na akisema ulijua mara moja kwamba ni mtoto wa Tanga. Aliitwa Rehema. Alinikuta mlangoni akaniamkia shikamoo ingawa tulikuwa karibu sawa, nikamkaribisha kwenye kochi. Nilikuwa na kuku tayari, mume wangu alishanituma. "Ahsante mama, nimekula," akasema. "Nataka nione nyumba." Baba Tumaini akanyoosha mkono dirishani, akaanza, "Ile pale, mukwai," na yule msichana akawa ameshatoka nje. Alikwenda kwa miguu yake. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

Alianza kwa Mama Zuhura kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Akafungua faili, akaangalia karatasi, akaangalia nyumba. "Mama, gereji iko wapi?"

"Gereji gani, mwanangu?" Mama Zuhura akauliza. "Sisi tuna baiskeli, nayo haina tairi."

Rehema hakucheka. Alitoa kifaa chake cha kupimia umeme, akagusa ukuta wa bati, akagusa friji, akatazama kifaa. Akamuuliza zile ndala za nini, Mama Zuhura akamweleza. Hapo nikaona uso wa yule msichana umebadilika rangi. Alizima swichi kuu kwa mkono wake, akamkataza Mama Zuhura kuiwasha, akasema, "Kesho narudi na mafaili yote ya mtaa huu. Nataka mkandarasi aliyegonga muhuri awepo, na fundi awepo." Mume wangu akasema ndiyo mukwai, ndiyo mukwai, mpaka Rehema alipopotea kwenye kona.

Jioni ile Baba Tumaini alinifundisha la kusema. Alinikalisha mezani, yeye akawa mkaguzi. "Mkandarasi alikuja lini?" akauliza. Nikasema sijui. "Usiseme hujui. Sema alikuja mwezi wa pili, na pikipiki nyekundu, akakaa siku tatu, wewe ulimpikia." Akaniuliza tena, nikasema mwezi wa pili, pikipiki nyekundu. "Alikula nini?" Nikasema wali. Akafurahi. "Vizuri. Ukisema wali watu wanaamini." Na michoro je? "Michoro alichora yeye. Wewe hujui hata kushika penseli." Lile neno lilinichoma kuliko yote, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Halafu akavuta kiti karibu, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulikuwa mbaya zaidi, "Mama Tumaini, ukikosea neno hapo kesho, mimi nafungwa, na watoto wako watakula nini?" Kulipokucha hakuwepo. Aliacha ujumbe kwa Tumaini kwamba amevuka Nakonde kutafuta waya.

Nilitoka kumwaga maji ya uso. Kati ya kwetu na kwa Mama Zuhura kulikuwa na ua wa mabua, na kwenye upenyo nikamwona anaoga. Umeme ulikuwa umezimwa tangu jana, alijua, lakini mwili wake ulikuwa haujui. Alikuwa na ndala miguuni. Alikuwa amesimama katikati kabisa ya bafu, amekunja viwiko asiguse bati hata kidogo, anajimwagia maji kidogo kidogo kwa kikombe, na tumbo lile mbele. Mtu anaoga kwake kama anaiba maji ya mtu. Nilisimama pale na beseni. Nilikuwa nimewaza usiku kucha juu ya jela na watoto, na hapo sikuwaza tena chochote.

Rehema alipokuja watu walishajaa. Mhandisi hakutokea, alituma maneno kwamba anaumwa mgongo. Rehema akapanga michoro juu ya meza ya Mama Zuhura, mmoja kando ya mwingine, mpaka meza ikajaa, nyumba ileile, gereji ileile. "Nani amechora hizi?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Rehema akanitazama. "Umesomea wapi, mama?"

"Darasa la nne. Nimechorea dirishani. Mkandarasi hajawahi kukanyaga mtaa huu. Mimi ndiye nilikuwa napeleka fomu zikagongwe muhuri, pamoja na kuku. Aliyefunga nyaya ni mume wangu, na leseni hana."

Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kidole kwenye moja ya michoro yangu ya mwanzo, pale kwenye ile reki yenye meno mabovu, kisha akaweka kidole mahali palepale kwenye mingine, ambako hapakuwa na kitu. "Hii ulijua ni nini?" Nikasema hapana, nilidhani ni uchafu wa kalamu. Akanieleza mbele ya watu, bila kunidharau. Ile ni ethi. Ni fimbo ya shaba, ndefu, inapigiliwa ardhini pembeni ya nyumba na kuunganishwa na waya, ili umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati au friji, ushuke ardhini badala ya kumpitia mtu. "Mchoro usio na hii," akasema, "hata mtu aliyelala angetakiwa kuurudisha." Hakumtaja yule mwenye mwavuli, na hakukuwa na haja.

Bibi mjane akauliza kama kuanzia sasa hata balbu wataombewa ruhusa. "Balbu badilisha, bibi, hakuna atakayekuuliza," Rehema akasema. "Swichi ikiungua, ukiweka nyingine palepale, zima umeme, mwite anayejua, huhitaji karatasi yangu. Lakini ukivuta waya mpya, ukiongeza chumba, ukipeleka taa bafuni au bandani kwa kuku, ukifunga mashine ya kusaga, hapo ni kibali na mtu mwenye leseni. Na kibali si cha kutufurahisha sisi ofisini. Ni ili mtu wa pili aje kuangalia alichofanya wa kwanza." Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Mtu wa pili. Mtaa wetu mzima haukuwa na mtu wa pili. Ulikuwa na muhuri, na tumbo la mkaguzi, na mimi dirishani.

"Sasa tuangalie fimbo zenyewe," akasema. Tukazunguka nyuma ya nyumba ya Mama Zuhura. Kichwa cha fimbo kilionekana kimechomoza, kina waya umefungwa vizuri, kazi nzuri ukiitazama kwa juu. Rehema akaufungua waya, akashika kile kichwa kwa mkono mmoja, akavuta. Kilitoka kama karoti. Kilikuwa kipande kifupi, kinazidi mwiko kidogo tu, na mwisho wake umekatwa kwa msumeno, unang'aa. Hapo nikaelewa ule msumeno wa chuma niliokuwa nausikia nyuma ya choo mchana, ambao niliambiwa unakata mabomba. Fimbo moja ilikuwa inagawanywa nyumba nne. Kila mwenye nyumba alikuwa amelipia fimbo nzima.

Tukaenda kwa Mwampashi, kilitoka. Tukaenda baa, kilitoka, na yule mtu wa baa akakishika akakigeuzageuza kama samaki aliyeoza. Kwa bibi mjane Rehema hakuhitaji hata kuvuta, alikigusa kikalala upande. Watu walikuwa wanatufuata, kila mtu na kipande chake mkononi, na mimi natangulia kuonyesha nyumba, maana nilizijua zote, nilizichora. Walikuwa wananisema, lakini si vibaya. Mwanamke mmoja alisema, "Maskini, na yeye ana watoto mle ndani." Mama Zuhura alinishika mkono akasema, "Twende na kwako, jirani, usije ukalala humo leo." Aliniamini. Wote walidhani mimi ni mwenzao, na mimi pia nilidhani hivyo. Nitakueleza nilichokuwa nawaza njiani: nilikuwa nataka kukikuta kifupi. Nilitaka kiwe kifupi kuliko vyote, ili nisimame nacho pale katikati yao.

Nyuma ya nyumba yetu, kando ya dirisha la chumba cha watoto, Rehema akainama, akaufungua waya, akavuta kwa mkono mmoja. Hakikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Mtu wa baa akasema nipishe, dada, akatemea viganja, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na ile fimbo haikutikisika. Mwampashi akaleta jembe. Wakachimba mpaka kifundo cha mguu, fimbo ikaonekana inashuka. Wakachimba mpaka gotini, inashuka. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, na shaba ndani yake ilikuwa safi, haina alama ya msumeno, inashuka tu. Walipofika kiunoni Rehema akasema inatosha, hii ni nzima, msiiharibu.

Walisimama na vipande vyao wakitazama lile shimo, halafu mmoja mmoja wakaanza kunitazama mimi. Nilifungua mdomo niseme sikujua, na ni kweli sikujua, lakini nikaona likitoka lingefanana kabisa na ule uongo wa pikipiki nyekundu. Nikaufunga. Mama Zuhura alikuwa bado ameshika mkono wangu. Akauachia, akaweka mkono wake juu ya tumbo.

"Kwako alichimba," akasema, akavua ndala zake, akaziacha pale pale kwenye udongo, akaenda kwake peku.